Kuiganga Kadi ya Michoro Nyumbani: Soma Jeraha Kabla ya Kushika Moto

1.0 Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii aghalabu tunaitumia katika insha za maadili. Mimi ilinifika mezani pangu, tena kupitia kifaa ambacho sikuwahi kukitazama kwa makini: kadi ya michoro ya tarakilishi yangu.

Nilikuwa nikihama kutoka Kahawa Wendani kwenda Githurai. Kwa kuihofia mitikisiko ya matatu, niliamua kuitoa kadi hiyo na kuisafirisha peke yake. Uamuzi ulikuwa mwema. Mkono ndio uliokosa. Niliivuta bila kubonyeza kishikizo cha plastiki kilicho mwishoni mwa sloti. Kadi iligoma, kisha ikachomoka kwa kishindo, na mgongo wake ukajikwaruza kwenye ukingo wa kasha la chuma. Jioni hiyo, katika chumba kipya, feni zilizunguka na taa zikawaka, lakini skrini ilibaki nyeusi ti. Ndani ya tarakilishi hiyo mlikuwa na sura nne za tasnifu yangu ya uzamili, ilhali nakala niliyoiweka kwingine ilikuwa na sura mbili tu. Msimamizi wangu alizitarajia zote nne baada ya siku tisa. Bei ya kadi mpya, nayo, ilizidi kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwanafunzi mwenzangu namna kadi ya michoro iliyojeruhiwa inavyoweza kugangwa nyumbani, na pale ambapo haiwezi. Hoja yangu kuu ni kwamba kazi hii ni ya kusoma kwanza na ya moto baadaye. Anayeshika chuma cha kulehemia kabla ya kujua kilichovunjika huongeza jeraha la pili juu ya la kwanza.

2.0 Kadi ya Michoro na Viungo Vyake

Kadi ya michoro ni bodi inayoandaa picha na kuipeleka kwenye skrini. Katikati yake pana chipu kuu, ambayo ndiyo ubongo wa kadi. Kandokando ya chipu hiyo pamepangwa chipu za kumbukumbu. Juu yake pamewekwa bamba la kupozea pamoja na feni, na kati ya bamba na chipu hupakwa pesti ya kupitisha joto. Ukingoni kuna meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti ya bodi kuu. Kadi kamili ya mfumo wa PCI Express yenye njia 16 ina meno 164, yaani 82 kila upande.

Umeme wa kadi huja kwa njia mbili. Sloti yenyewe huweza kutoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huongezewa kwa waya kutoka kwa kifaa cha kugawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, nayo ya pini 8 huongeza wati 150. Ukisahau kuichomeka plagi hii, kadi nzima itaonekana kama mfu.

Viungo vilivyobaki ni vidogo lakini ni vingi: rezista, koili, transista na kapasita. Kapasita ziko za aina mbili ambazo mgangaji hana budi kuzitofautisha. Za kwanza zina umbo la mkebe na huonekana kwa macho. Za pili ni za kauri, rangi ya udongo, nyingine ndogo kuliko punje ya ufuta. Hizi ndizo hung'oka kadi inapojikwaruza, na kwa udogo wake mwenye kadi huenda asijue kamwe kuwa amepoteza kitu.

3.0 Kusoma Jeraha

Daktari hampasui mgonjwa kwa kuambiwa tu kwamba anaumwa. Vivyo hivyo, skrini nyeusi ni dalili wala si ugonjwa. Nilifuata hatua zifuatazo, nami nazipendekeza kwa mfuatano huu.

Kwanza, itenganishe kadi na mali yako. Maandishi hukaa kwenye diski wala si kwenye kadi ya michoro. Ikiwa prosesa ya tarakilishi yako ina uwezo wake wa kutoa picha, ondoa kadi iliyoumia, kisha uchomeke waya wa skrini kwenye tundu la bodi kuu. Nilipofanya hivyo picha ilirudi, na sura zangu nne zikawa zinanitazama. Ikiwa prosesa haina uwezo huo, diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye tarakilishi ya rafiki. Nakili kazi yako kabla ya jambo jingine lolote. Hatua hii haigharimu chochote, na ndiyo iliyonituliza moyo hata nikaweza kuifanya kazi iliyobaki bila pupa.

Pili, kata umeme kabisa. Chomoa waya ukutani, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kasha ili mwili wako uondokewe na umemetuli, ambao huweza kuiua chipu bila wewe kuhisi chochote. Katu usiifungue pawasaplai yenyewe. Kapasita zake huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Tatu, ondoa makosa mepesi. Safisha meno ya dhahabu kwa kitambaa laini kilicholowa spiriti safi, uyaache yakauke, kisha uirudishe kadi hadi kishikizo kilie. Hakikisha plagi za umeme zimeingia barabara. Badilisha waya wa skrini na tundu unalolitumia. Si haba kadi zilizohukumiwa kifo ilhali kosa lilikuwa vumbi au waya uliolegea.

Nne, tazama kwa lenzi ya kukuzia na mwanga wa kutoka ubavuni. Tafuta mikebe iliyofura au iliyovuja, weusi wa kuungua, mikwaruzo iliyokata mistari ya shaba, ufa karibu na sloti, na vikalio vitupu. Kikalio ni kijibamba cha shaba ambacho kiungo hulehemiwa juu yake. Tahadhari hapa: si kila kikalio kitupu ni jeraha. Watengenezaji huacha nafasi nyingine wazi tangu kiwandani. Kikalio cha namna hiyo huwa laini na sawa pande zote, ilhali kilichong'olewa kiungo huwa na lehemu iliyochanika au kipande cha kauri kilichosalia. Picha safi ya kadi nzima ya aina iyo hiyo husaidia kulinganisha.

Tano, pima kwa multimita. Kadi ikiwa imetolewa, pima ukinzani kati ya pini za volti 12 na upande wa hasi. Ukipata karibu na sifuri, kuna shoti, na kadi hiyo haipaswi kuwashwa. Mara nyingi mwenye hatia huwa ni kapasita ya kauri iliyopasuka ndani. Lakini mgeni asidanganyike: mkondo unaoilisha chipu kuu huwa na ukinzani mdogo mno kwa kawaida yake, pengine chini ya omu moja. Anayeuona na kudhani ni shoti ataanza kuing'oa kadi nzima.

Kwa upande wangu, lenzi ilionyesha vikalio viwili viwili vyenye lehemu iliyochanika, mgongoni mwa kadi, karibu na pengo linaloyagawa meno ya dhahabu. Kapasita mbili za kauri hazikuwapo. Moja niliipata sakafuni mwa kasha, imevunjika kona; ya pili sikuiona tena.

Mahali hapo palikuwa na maana. Kila njia ya data ya PCI Express hupitia kapasita mbili kabla ya kutoka kwenye kadi. Njia ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na pengo hilo. Njia za mbali zikikatika, kadi huweza kuendelea kwa njia chache, pengine 8 badala ya 16, na mwenyewe asihisi tofauti kubwa. Lakini njia ya kwanza ikikatika, kadi na bodi kuu hukosa pa kuanzia mazungumzo. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya skrini yangu.

4.0 Majeraha na Tiba Zake

4.1 Feni na Joto

Feni iliyovunjika au kukauka ndiyo jeraha jepesi zaidi. Feni inayopiga kelele huweza kusafishwa na kutiwa tone la mafuta mepesi, kama yale ya cherehani. Iliyovunjika panga hubadilishwa. Ukiliondoa bamba la kupozea, ni sharti ufute pesti kuukuu na kupaka mpya, kiasi cha punje ya njegere. Usilirudishe bamba juu ya pesti iliyokauka.

4.2 Kapasita za Mkebe

Mkebe uliofura kichwani au kuvuja chini hubadilishwa. Mpya uwe na mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, na uwezo wa kuhimili nyuzi 105 za joto. Aidha uwe wa aina yenye ukinzani mdogo wa ndani, maana wa kawaida hautadumu. Mikebe hii ina chanya na hasi, na mstari uliochorwa ubavuni huonyesha hasi. Kinyume chake, kapasita ndogo bapa za tantalamu huchorwa mstari upande wa chanya. Piga picha ya kadi kabla ya kutoa chochote, kwani alama za kwenye bodi hazifanani kwa watengenezaji wote.

4.3 Kapasita za Kauri

Hizi hazina chanya wala hasi, hivyo haziwezi kugeuzwa visivyo. Ugumu wake ni kwamba hazijaandikwa kitu: huwezi kujua kiasi chake kwa kuzitazama. Tiba ya uhakika ni kuchukua kiungo kutoka mahali pale pale kwenye kadi mfu ya aina iyo hiyo. Kwa kapasita za njia za data, kiasi hujulikana: aghalabu mikrofaradi 0.1 kwa kadi za vizazi viwili vya kwanza vya PCI Express, na 0.22 kuanzia kizazi cha tatu, ambacho kanuni zake zilitoka mwaka 2010.

4.4 Ufa wa Bodi

Kadi nzito huinama kwa uzito wake, na baada ya muda bodi huweza kupasuka karibu na kishikizo. Bodi ya kadi ya michoro ina tabaka nyingi za shaba zilizolaliana kama kurasa za kitabu. Mstari uliokatika juu huweza kuungwa kwa waya mwembamba, lakini uliokatika tabaka la ndani hauonekani wala haufikiki. Ufa wa namna hii si kazi ya nyumbani. Chipu kuu iliyovunjika kona nayo haina mganga. Kusema hivi si kukata tamaa. Kujua lisilowezekana ni sehemu ya ufundi.

5.0 Kulehemu Hatua kwa Hatua

Nilikwenda Luthuli Avenue, jijini Nairobi, kutafuta kapasita mbili. Fundi mmoja aliitazama kadi yangu kwa lenzi, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza nasomea nini. Nilipomjibu, alicheka.

“Mwalimu,” akasema, “kidonda umekiona mwenyewe. Wengi huniletea wakiwa wameshakichoma.”

Aliniuzia kadi mfu ya kizazi kimoja na yangu kwa bei ya chakula cha mchana. Akaipima safu yake ya kapasita, akaridhika kwamba zinafaa, kisha akanipa sharti moja.

“Usianze na kadi yako. Zoeza mkono kwa hii maiti kwanza. Toa kapasita kumi, uzirudishe kumi, halafu ndiyo ushike yako.”

“Na nikiharibu?”

“Maiti haidai, Mwalimu.”

Nilimtii. Kwenye kadi mfu niling'oa vikalio vitatu kabla ya kuelewa kosa langu: nilikuwa nikikandamiza. Lehemu haitaki nguvu. Inataka joto la kutosha kwa muda mfupi. Lehemu ya zamani yenye risasi, ile ya bati asilimia 63, huyeyuka kwa nyuzi 183. Sheria za Ulaya zilizoanza kutumika Julai 2006 zilizuia risasi katika vifaa vingi, na lehemu iliyoshika nafasi yake huyeyuka kwa takriban nyuzi 217 hadi 220. Asiyeijua tofauti hii hudhani chuma chake ni kibovu, akaongeza nguvu mahali pa kuongeza joto.

Hatua nilizofuata ni hizi:

(i) Fungua dirisha, kwani moshi wa fluksi haufai mapafuni. Usile chochote ukiwa kazini, na unawe mikono ukimaliza.

(ii) Weka chuma chenye ncha nyembamba kwenye nyuzi 320 hadi 350.

(iii) Paka fluksi kwenye vikalio. Ondoa lehemu kuukuu kwa utambi wa shaba, bila kusugua.

(iv) Tia tone dogo la lehemu mpya kwenye kikalio kimoja tu.

(v) Shika kapasita kwa kibano. Yeyusha tone lile, usogeze kapasita mahali pake, uondoe moto, na usubiri bila kutikisika. Mguso mmoja usizidi sekunde mbili au tatu.

(vi) Lehemu upande wa pili, kisha urudi upande wa kwanza na kuulainisha.

(vii) Safisha kwa spiriti. Tazama tena kwa lenzi, upime kuwa ncha mbili za kapasita hazijaungana kwa lehemu, na kwamba volti 12 haina shoti.

Kwa kadi yangu kazi hii ilichukua dakika zisizozidi 20. Uchunguzi ulikuwa umechukua siku mbili, na mazoezi jioni moja. Nilipoirudisha na kuwasha, skrini ilipepesa mara moja, kisha picha ikatokea. Sikushangilia bado. Nilifungua programu inayoonyesha habari za kadi na kusoma idadi ya njia: 16. Hapo ndipo nilipokaa chini.

6.0 Tiba za Uongo

Pana tiba moja maarufu ambayo sina budi kuionya: kuioka kadi katika oveni ya jikoni kwa takriban nyuzi 200. Wapo walioona picha ikirudi, wakaamini lehemu iliyopasuka imejiunga. Lakini tumeona kuwa lehemu isiyo na risasi haiyeyuki kabla ya nyuzi 217. Aghalabu joto hilo husukuma tu viungo vilivyoachana ndani ya chipu vikagusana kwa muda, kisha huachana tena baada ya siku au wiki. Wakati huohuo mikebe iliyoundwa kuhimili nyuzi 105 imeumia, plastiki imelainika, na oveni ya chakula imejaa mvuke usiofaa kuliwa.

Ugonjwa wa ndani ya chipu si hadithi. Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya hitilafu za baadhi ya chipu zake za vipakatalishi, zilizotokana na udhaifu wa malighafi za chipu na ufungashaji wake. Ikiwa tatizo la namna hiyo lilimgharimu mtengenezaji mwenyewe fedha kiasi hicho, oveni ya jikoni haitaliponya.

7.0 Maneno ya Kazi

Kama mwanafunzi wa fasihi, sikuweza kupita bila kuyasikiliza maneno ya mafundi. Wengi wao husema kuchomelea kwa kazi zote mbili: ya kuunga vyuma vya lango na ya kuunga kapasita. Kamusi zetu zina kitenzi kulehemu. Tofauti hii si ya urembo. Anayechomelea lango huyeyusha chuma chenyewe. Anayelehemu huyeyusha lehemu tu na kuviacha viungo vikiwa salama. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa neno la kwanza huenda akaja na mkono wa lango kwenye kitu kidogo kuliko ufuta. Kwa upande wa pili, maneno kama shoti, kapasita na multimita yamekwisha kukaa midomoni mwa watu, na sioni faida ya kuyafukuza. Kikalio na utambi wa shaba, nayo, ni maneno ya nyumbani yaliyonitosha bila kukopa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kadi ya michoro iliyojeruhiwa si lazima itupwe, wala si lazima ipone. Feni, meno machafu, mikebe iliyofura na kapasita zilizong'oka ni kazi ya mtu mwenye subira, meza safi na vifaa vichache. Ufa wa ndani ya bodi na chipu iliyokufa si kazi yake. Kinachotenganisha mafungu haya mawili ni usomaji unaotangulia moto.

Sura zangu nne zilimfikia msimamizi siku moja kabla ya muda, naye alizirudisha zimejaa wino mwekundu, kama ilivyo ada. Kadi mfu ya Luthuli bado iko mezani pangu, vikalio vitatu vimeng'oka. Mwanachama yeyote anayetaka kuzoeza mkono aje aiazime. Nami tangu siku hiyo huhifadhi nakala ya tasnifu mahali pawili kila jioni, kabla ya kulala.